Maganda ya Ndimu na Paka wa Ukutani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kwako daftari. Nimekaa na kalamu muda mrefu, sijui pa kuanzia. Maisha yangu yote nimeandika barua tu, na barua huanza na salamu, basi pokea salamu. Hujambo? Sisi huku hatujambo kiasi. Baba Watoto anakusalimu, yupo mezani anafungua saa ya mtu, goti lake la kushoto bado linamsumbua akitaka kuinuka. Kitinda anakusalimu. Huyo ndiye kitinda mimba wangu, ndiye aliyekutoa kwenye begi lake la shule, usimkasirikie kwa hesabu alizokuandika kurasa za mwanzo, hazikumtoka vizuri. Jirani yetu Nesi anakusalimu kutoka ng'ambo ya ukuta. Amestaafu, ila kipimo chake cha presha hakijastaafu. Ndiye aliyenipima akasema ya moyoni niwe nayaandika, nikiyasema kwa sauti mtaa mzima unapanda presha. Kuku wetu aliyebaki anakusalimu. Binti Mkubwa angekusalimu lakini hayupo, na yeye ndiye sababu ya haya yote.

Paka hawakusalimu. Na wewe usiwasalimu.

Sasa jambo lenyewe. Binti Mkubwa amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza, hata mwezi hajatimiza. Anakaa kwa mama wa mumewe, nyumba yenye vigae mpaka jikoni. Mtoto anasumbua kunyonya. Analia, na mama yake analia. Jana akanipigia simu, akasema mama, nataka kuja nyumbani, nikae kwako. Nikamwambia njoo hata sasa hivi! Sijamaliza kusema, paka wawili wakashikana juu ya ukuta wangu wa nyuma. Sauti ile, jamani. Kama mtoto anafinywa.

Mkwe mwenzangu alikuwa karibu, akaichukua simu. Akaniuliza kwa upole, ule upole wa kuchoma, kwani huko kwenu kuna nini. Nikasema redio. Akasema redio hiyo ina kucha.

Hukumu imetoka. Jumamosi atawaleta mwenyewe, mzazi na mtoto, na ataikagua nyumba. Akiona paka hata mmoja ndani ya uzio wangu, anageuka nao palepale. Anasema amesikia paka humlalia mtoto usoni akakosa pumzi. Nikakata simu bila hata kuaga, kwa sababu na mimi nimesikia hivyo hivyo.

Hawa paka hawana mwenyewe. Wanazurura mtaa mzima lakini makao yao makuu ni ukuta wangu. Mkubwa wao ni Bwana Afya, shingo nene, anatembea kama mwenye nyumba anayekuja kuangalia wapangaji. Yupo na Madoa, jike, ana mimba, tumbo liko chini kabisa. Wengine ni ukoo tu.

Kwa nini kwangu? Hapo ndipo ninapochoka. Mimi ni mtu safi! Kazi yangu inajulikana: napara samaki. Kila asubuhi mkokoteni wa sokoni unaniletea matenga, natoa magamba, natoa matumbo, nawaosha kwa maji ya ndimu, wanakwenda hotelini wakiwa wanang'aa. Matumbo nayaweka kwenye ndoo pale bombani mpaka jioni, mtu wa bustani aje ayachukue kwa ajili ya miche yake. Mfuniko wa ndoo nimeuweka juu ya matofali, ndio kiti changu cha kazi, mgongo hauumi. Kila kitu mahali pake.

Nimezunguka uwanja wote leo nikitafuta kinachowaleta. Sijakiona.

Mpango unaanza kesho.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza: ndimu.

Kitinda ameusoma mahali. Paka hapendi harufu ya ndimu, akiisikia anapita mbali. Nikacheka peke yangu. Ndimu! Kitu ambacho mimi ninacho kama mchanga! Nikayakusanya maganda yote ya jana na ya juzi, nikamenya na nyingine mpya, nikayapanga juu ya ukuta, vizingitini, madirishani, chini ya vitanda. Baba Watoto akauliza kama kuna mtu anakohoa. Sikumjibu. Mtu mwenye kazi kubwa hajibu.

Adhuhuri wakaja. Wote! Wa kwetu wakaja, na wengine nisiowajua wakaja, mmoja ana kengele shingoni, huyo bila shaka ametoka zile nyumba za ghorofa. Wakayanusa maganda. Wakayalamba. Bwana Afya akayalalia.

Kitinda akasimama nyuma yangu akasema polepole, kama anayemwambia mgonjwa habari mbaya, kwamba paka hawa tangu wazaliwe wanasikia ndimu na samaki pamoja, kwa hiyo kwao ndimu si ndimu, ni kengele ya chakula. Nikamwambia mambo ya shule ayaache shuleni.

Nimetafakari. Kosa limeonekana. Ndimu zilikuwa zimeiva mno, zimekosa nguvu.

Madoa hakugombana na mtu. Alikaa pembeni peke yake, anahema. Nikamtupia kichwa kimoja cha samaki ili aondoke. Hakuondoka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango wa pili: uhamisho. Ukimwondoa mkubwa, wadogo watatawanyika. Hata maofisini iko hivyo.

Nikaweka samaki mmoja ndani ya tenga. Bwana Afya akaingia mwenyewe, akala, akakaa. Nikafunga kamba juu. Hakulia, hakukwaruza. Hapo ningeshtuka, sikushtuka.

Msukuma mkokoteni alikuwa anarudi sokoni, nikamwomba anipakie. Akauliza mama, tenga hili mbona linapumua. Nikasema asukume. Nilichagua soko la samaki kwa sababu mbili: ni mbali, na kuna chakula. Mimi si mkatili, siwezi kumtupa kiumbe pasipo na kitu. Tulipofika nikafungua. Akatoka, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akaangalia meza za samaki mwanzo hadi mwisho. Nikamuaga vizuri. Nikamwambia akae na watu kwa adabu, asiibe mbele ya macho, na anisamehe. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa upindo wa nguo, wauza samaki wakidhani nimefiwa.

Nikaondoka kwa miguu, moyo mzito lakini mwepesi. Mkokoteni ukanifuata baadaye na mzigo wa mchana, umefunikwa kwa gunia bichi. Nikafunua gunia nianze kazi.

Bwana Afya! Amelala juu ya samaki kama mtu aliyelipia. Pembeni yake paka wawili wa sokoni, wembamba, sijawahi kuwaona. Amekuja na wageni!

Msukuma mkokoteni alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mama, umempeleka mwenyewe kuonyeshwa mzigo unakotoka! Sasa anajua hata gari la kupanda!" Nikamwambia akome kuwacheka watu wazima, ana mama yake. Akasema mama yake angecheka zaidi.

Baba Watoto hakuinua hata jicho kwenye saa yake. Akauliza tu, leo wangapi.

Madoa nilimpa vichwa viwili. Ili alale, asinisumbue.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Binti Mkubwa amepiga simu. Anaongea kwa sauti ya chini, kama yuko msibani. Akauliza mambo ya paka yamefikia wapi. Nikasema yanaelekea ukingoni. Ni kweli, sikusema ukingo upi.

Akaniambia hajalala. Akasema pale si kwamba anaonewa, anapendwa, anapendwa mpaka anachoka. Akishika mtoto kila mtu yupo kitandani. Inua kiwiko. Shusha bega. Kichwa kigeuze huku. Si hivyo, hivi. Mtoto akisikia kelele anaachia, analia. Anaogopa mtoto anakonda. Akasema, "Mama, nataka kukaa mahali nisitazamwe."

Nikamwambia hilo asitie shaka kabisa. Hapa mimi mwenyewe nitakaa kando ya kitanda mchana na usiku, nimwangalie asitazamwe.

Akaaga upesi. Ni uchovu huo.

Baada ya simu sikuweza kukaa. Lazima aje! Mpango wa tatu: kuwahamishia kwa Nesi. Si ubaya. Nesi ana uwanja, ana muda, hana mjukuu anayekuja Jumamosi. Nikajaza birika maji ya kuoshea samaki, nikapita kwenye uzio wake kama mtu anayemwagilia maua ya jirani kwa mapenzi, nikamwaga kuanzia langoni mpaka ngazi ya mlango.

Haikuchukua muda. Wakashuka ukutani kwa msururu, mmoja baada ya mwingine, wakahamia! Bwana Afya mbele, wageni wa sokoni nyuma. Ukuta wangu ukabaki mweupe. Nikaimba.

Kisha Nesi akatoka na ndala zake. Akakanyaga ngazi. Ikamtelezesha, akakaa chini pwa, akabaki amekaa, anawatazama paka, paka wanamtazama. Mimi nikainama nyuma ya ukuta.

"Jirani," akasema, "kilemba chako nakiona."

Nikasimama. Nikamwambia pole. Akasema asante. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema alikuwa anakuja kwangu hata hivyo: kesho anakuja daktari wa wanyama na vizimba. Amemwomba kwa ajili ya mtaa wote. Atawakamata, atawachoma sindano, atawafanyia upasuaji wasizae, kisha atawakata ncha ya sikio kidogo kama alama ya kwamba huyu amekwisha kushughulikiwa, halafu atawarudisha.

Nikauliza atawarudisha wapi.

Akasema hapahapa.

Nikauliza sasa faida yake nini! Akanieleza kwa subira, kidole kimoja hewani, kama anaelekeza dozi. Ukiwaondoa hawa, nafasi inabaki wazi, watakuja wengine wanaozaa. Ukiwarudisha hawa, wanalinda mahali pao na hawaongezeki, mwaka hadi mwaka wanapungua. Nikamwambia mimi sina miaka, mimi nina mpaka Jumamosi.

Akasema, "Na ile ndoo yako, jirani…" Nikasema nasikia chungu kinaungua. Nikaingia ndani.

Hakukuwa na chungu motoni. Lakini wivu wa kazi ya mtu mwingine ni kitu cha kukimbia mapema.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Daktari wa wanyama amekuja. Kijana mpole, buti za mpira, anaongea na paka kama anaongea na wateja. Akasema anahitaji chambo. Hapo nikajitokeza kifua mbele. Ndoo yangu leo imefanya kazi ya mtaa mzima! Tulitia matumbo kidogo katika kila kizimba, nao wakaingia bila kubembelezwa. Bwana Afya aliingia wa kwanza, akageuka ndani, akalalamika kwamba ni padogo.

Nikamwuliza atawarudisha lini. Akasema kesho. Nikamwomba iwe Jumapili, nikamweleza habari ya mjukuu, vigae na redio yenye kucha. Akasema vizimba vinahitajika mtaa mwingine, lakini ataona. Nimehesabu kwamba amekubali.

Kisha akasema Nesi amemtajia jike lenye madoa, lina mimba kubwa, liko wapi. Alisema hatalipasua likiwa karibu kuzaa, atakaa nalo kwake lizae kwa usalama. Alisema vizuri tu. Lakini mimi nilikuwa nakitazama kile kizimba kilichobaki. Nyaya tupu. Chini pagumu. Na Madoa alikuwa nyuma yangu, amejibanza chini ya beseni, tumbo limegusa sakafu, ananitazama. Macho yale! Nimewahi kuyasikia kwenye simu.

Nikamwambia daktari usoni kwamba paka wa namna hiyo sijapata kumwona tangu nizaliwe.

Akaangalia beseni. Akaniangalia. Akaandika kitu. Wakati anaondoka akasema, "Mama, hii ndoo itafutie mfuniko. Hawa wanaifuata hii ndoo, si kingine." Nikamwambia mfuniko upo, umekaliwa. Ni kijana mzuri, na paka anawajua. Ndoo hajasomea.

Alipopotea kona nikamfunga Madoa ndani ya nguo, nikampeleka chumba alichoandaliwa mtoto. Ndicho chumba pekee chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo. Kwa muda mfupi tu, mpaka nimtafutie boksi. Nikafunga, ufunguo nikautia kifuani.

Baada ya hapo, kazi! Nimefagia, nimedeki, nimefuta vioo, nimemsugua kuku. Ukuta mtupu. Mtaa kimya, kimya cha ajabu, nasikia mpaka saa za Baba Watoto zikibishana. Hakuna paka! Nimeshinda!

Kuna jambo nilikuwa nimekusudia kulifanya kabla ya kulala. Halinijii. Litanijia kesho.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kwanza wamefika salama. Binti Mkubwa amekonda uso, mtoto amefungwa ndani ya shuka, pua ndogo kama punje ya mahindi. Nilipomshika nikasahau jina langu.

Mkwe mwenzangu akaanza ukaguzi kabla hata ya maji ya kunywa. Akatazama chini ya viti. Nyuma ya pipa. Juu ya ukuta. Hata ndani ya boksi la saa za Baba Watoto. Hakuona unyoya. Akasema, "Kumbe." Akalisema kama mtu aliyepoteza shauri. Nami nikasema sisi ni watu safi, mwenzangu, paka tunawasikia kwa majirani tu.

Hapo ikalia honi langoni.

Daktari! Na vizimba vyote! Akafungua palepale, mbele ya wageni, kwa sababu chambo kilitoka kwangu na kwenye karatasi zake ameandika ni wa kwangu. Wakatoka, kila mmoja na sikio lake lililokatwa ncha, wakampita mkwe mwenzangu miguuni kama maji yaliyofunguliwa, moja kwa moja mpaka kwenye ndoo. Bwana Afya alitoka wa mwisho, anatembea polepole kwa sababu ya aliyofanyiwa. Akafika kwa mkwe mwenzangu, akakalia kiatu chake.

"Mama," daktari akaniambia kwa furaha, "paka wako wote hawa hapa, wazima."

Wako!

Nikaona kila kitu kinaniponyoka. Nikapaza sauti kwamba hao ni wa nje, wa nje ni wa nje, lakini chumba cha mtoto ni habari nyingine! Kimefungwa kwa ufunguo tangu jana! Hata inzi hajaingia! Nikautoa ufunguo kifuani, nikawatangulia wote, nikafungua kwa mkono wangu mwenyewe.

Jambo la jana likanijia.

Madoa alikuwa kwenye kitanda cha mtoto. Chini yake shali jeupe alilolifuma mkwe mwenzangu kwa mikono yake. Ubavuni kwake vitoto. Sikuhesabu, walikuwa wa kutosha. Bado wabichi.

Mkwe mwenzangu aliinama akachukua begi. Akasema, "Tunaondoka." Hakufoka. Nilidhani nitaona amefurahi kushinda, nikaona amelishika begi juu chini wala hajui, kama mimi nilivyokata simu bila kuaga. Alikuwa anaogopa kweli. Wote tulikuwa tunamwogopea mtoto mmoja. Sikuwa na mpango wowote uliobaki, nilitafuta kichwani sikupata hata kipande.

Mtoto akaamka. Akaanza kulia kile kilio chake.

Binti Mkubwa alikuwa mlangoni naye mikononi, hatutazami sisi. Anamtazama Madoa. Madoa amelala ubavu, macho nusu, vile vitoto vinapandana, vinateleza, vinakosea, vinarudi, na yeye wala hainui hata kidole. Binti akaingia. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

Akasema, "Tokeni wote. Mfunge na mlango."

Mkwe mwenzangu akaanza kusema kuhusu kiwiko. Binti akasema, "Mama, toka." Nikacheka moyoni, kumbe naye anafokewa! Binti akasema, "Na wewe, mama."

Tukatoka.

Tukasimama kwenye korido, mabibi wawili, kama wanafunzi waliotolewa darasani. Baba Watoto na bisibisi yake mezani. Daktari langoni, hajui aage au abaki. Kilio kikapanda. Kikapanda tena. Mkwe mwenzangu akanishika mkono. Nikamshika. Ana mkono mgumu, sikuwahi kujua, mkono wa mtu aliyefanya kazi. Kilio kikakatika, kikaanza, kikakwama.

Kimya.

Tukaweka masikio mlangoni, lake juu, langu chini. Kulikuwa na sauti ndogo sana. Ukizaa utaijua hata nyuma ya ukuta. Ni sauti ya kumeza.

Mkwe mwenzangu akalia. Nikalia. Baba Watoto akasema, "Imepona." Alikuwa anaongelea saa. Tulimpiga wote wawili.

Ilipita muda mrefu. Binti Mkubwa akafungua, mtoto amelala begani kwake kinywa wazi. Akasema anabaki hapa. Akasema yule paka hakuna aliyemwonyesha ainue kiwiko kipi, ndiyo maana. Daktari aliingia akamkagua Madoa, akasema yuko salama, ahamishiwe kwenye boksi chumba cha mbali, kitanda kioshwe kwa maji moto, mtoto asilale chumba kimoja na paka, na vitoto vikikua atakuja kumshughulikia mama yao. Hakuniuliza juu ya yule paka nisiyepata kumwona tangu nizaliwe. Aliniangalia tu.

Mkwe mwenzangu akaweka begi chini. Nikashusha pumzi zangu zote.

Akasema kama ni hivyo basi na yeye anabaki. Mpaka ahakikishe.

Nikasema karibu sana, mwenzangu. Ni mdomo uliosema, mimi sikuwepo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mtoto amenyonya asubuhi, amenyonya mchana. Binti Mkubwa amelala usingizi wa kukoroma. Nilikaa kando ya kitanda nikimlinda asitazamwe, akafumbua jicho moja, akaniambia mama, toka. Amepata nguvu. Nimefurahi sana.

Mkwe mwenzangu aliamka kabla yangu. Amepanga sufuria zangu kwa ukubwa. Sasa sioni kitu! Amelala chumba cha Kitinda na leo anaulizia kabati. Kisha akasimama bombani, akaitazama ndoo, akasema mwenzangu, hii inahitaji mfuniko. Kitinda akasema ndivyo. Baba Watoto akasema ndivyo. Nesi akachungulia juu ya ukuta, hata hakuulizwa, akasema ndivyo. Wamekula njama!

Lakini mimi si mtu wa kukataa ushauri. Nimekaa juu ya mfuniko nikafikiri kwa makini. Tatizo la ndoo nimelipata: ni jua. Inanuka kwa sababu iko juani. Basi nimeihamishia kivulini, chini ya dirisha la Binti Mkubwa, pana ubaridi mzuri, na huku nachapa kazi nawasikia yeye na mtoto. Bwana Afya alinisindikiza mpaka pale. Alionekana kuridhika.

Bado mkwe mwenzangu. Ni mtu mwema, nampenda, arudi kwake. Kitinda ameniambia amemsikia akilalamika kwamba harufu ya ndimu inamuumiza kichwa.

Ndimu!

Safari hii sirudii kosa. Nimenunua za kijani kibichi, ngumu, zenye nguvu. Nimemenya kapu zima. Nimeyapanga maganda kizingitini kwake, dirishani kwake, chini ya kitanda chake, na yaliyobaki nimeyamwaga kuzunguka ndoo. Jumatano hatumwoni.

Sasa nafunga. Nimekuandikia wiki nzima mambo mazito, na wewe hujanijibu hata neno moja. Wote hapa hawajambo, wanakusalimu, na mjukuu anakusalimu kwa mara ya kwanza. Ukipata haya tafadhali nijibu upesi sana, leo hii ukiweza, kwa sababu yule mwenye kengele shingoni ametokea ukutani tena, na safari hii amekuja na ghorofa nzima.